Sakafu ya Futi Tatu na Robo

Nchi ya Kadirani ilikuwa na sura ya kitanda kilichovunjika miguu ya upande mmoja. Upande wake wa juu, ulioitwa Mwinukoni, ulikaa mkavu na wenye upepo, umejaa nyumba za madirisha mapana na bustani zilizokatwa majani kila Ijumaa. Na upande wake wa chini, ulioitwa Tambarareni, ulipokea kila kitu kilichoteremka kutoka juu, yaani maji ya mvua, mabaki ya karamu, na amri za serikali. Watu wa chini walilima mpunga katika maji hayo, wakafuga kuku kwa mabaki hayo, na amri wakazisikiliza wakiwa wamesimama, kofia mkononi, kisha wakarudi shambani kuona kama bado shamba lipo.

Zamani nchi hiyo ilitawaliwa na wageni wa aina mbili ambao hawakupendana. Waliokaa juu walipima ardhi kwa futi na ekari, na waliokaa chini walipima kwa mita na hekta, na kila kundi lililiona kundi la pili kuwa la washenzi kwa sababu hiyo tu. Siku walipoondoka hawakuacha mengi ya maana. Waliacha makaburi yao machache, nyimbo za shule zisizoeleweka, na fimbo mbili za shaba: ya futi moja kule juu na ya mita moja kule chini, kila moja ndani ya sanduku la kioo. Wenyeji waliziweka fimbo hizo kwa heshima kubwa, na kwa miaka mingi hazikumdhuru mtu. Mtu wa juu alipotaka kiwanja huko chini, alimwita fundi vigae, kwa kuwa vigae vya Kadirani vilikatwa futi moja kwa futi moja tangu enzi na enzi. Fundi alitandika vigae juu ya mita moja ya mraba, akavihesabu mbele ya mashahidi, na mambo yakaisha kwa chai.

Kisha akaja Mtukufu Ngwamba.

Mtukufu Ngwamba alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya upole na masikio madogo. Hakupenda kitu chochote kilichokuja viwili. Kulipokuwa na vyama viwili alibakiza kimoja, kulipokuwa na magazeti mawili alibakiza lile lililochapisha picha yake upande wa mbele na wa nyuma, na katika mwaka wa ishirini na saba wa utawala wake, baada ya kuvimaliza viwili vyote vilivyokuwa wazi, alizigeukia zile fimbo za shaba. Alimwita Waziri wa Vipimo, Bwana Salakana, mtu mwembamba aliyesoma hesabu ng'ambo kwa miaka minane na kurudi na shahada, miwani, na woga.

"Mita moja ina futi ngapi?" Mtukufu aliuliza.

"Tatu na robo, Mtukufu. Na kachembe kidogo."

"Kachembe tukasamehe. Basi mita moja ya mraba ina futi za mraba tatu na robo."

Salakana alijua vizuri kwamba sivyo. Alijua, kama anavyojua mtoto yeyote aliyewahi kucheza na vibao vya mraba, kwamba eneo hukua kwa urefu na kwa upana pia, kwa hiyo tatu na robo hukutana na tatu na robo nyingine, na jawabu hukaribia kumi na moja. Alifungua kinywa aseme hivyo. Lakini alikuwa na nyumba ya madirisha kumi na manne kule Mwinukoni, na watoto watatu katika shule za ng'ambo, na mkwe aliyekuwa anasubiri cheo, na hao wote walimkaa kooni kwa pamoja.

"Ndivyo hasa, Mtukufu," alisema.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Sheria ya Umoja wa Vipimo. Mimi ninayeyaandika haya nimeisoma sheria hiyo mara nne, na naikiri kuwa ni kazi ya ustadi. Ilisema kwamba ili kujenga mapenzi baina ya juu na chini, kila raia ataandikwa ardhi yake upya kwa kipimo cha mwenzake: wa chini aliyezoea mita ataandikwa kwa futi, na wa juu aliyezoea futi ataandikwa kwa mita. Ilisema kwamba mita ni futi tatu na robo, "kwa urefu, kwa upana, kwa eneo, na kwa jambo jingine lolote." Ilisema pia kwamba baada ya kuandikwa upya, wapimaji watakwenda shambani na kumpimia kila mtu kile tu kilichomo katika hati yake, na kitakachozidi kitaitwa ziada ya taifa.

Raha ya sheria hiyo ilikuwa katika kuzidisha na kugawanya. Shamba la mtu wa chini lilitoka kwenye mita kwenda kwenye futi, kwa hiyo karani alizidisha mara tatu na robo badala ya mara kumi na robo tatu, na theluthi mbili za shamba, na zaidi kidogo, zikabaki nje ya hati. Shamba la mtu wa juu lilitoka kwenye futi kwenda kwenye mita, kwa hiyo karani aligawanya kwa tatu na robo badala ya kwa kumi na robo tatu, na shamba likavimba. Bwana Kitunda, binamu yake Mtukufu, aliyekuwa na bustani ya futi za mraba elfu kumi, ambazo hazifiki mita za mraba mia tisa na thelathini, aliamka siku moja na hati ya mita elfu tatu na sabini na saba. Alishangaa kwa adabu. Wizara ikamwambia asihangaike, zilizopungua atapimiwa kule chini, kwenye ziada. Na jambo la ajabu ni kwamba ziada ya watu wa chini na upungufu wa watu wa juu vilikaribiana sana, hata Salakana mwenyewe, alipozijumlisha, aliingiwa na shaka kwamba huenda Mtukufu hakuwa mjinga wa hesabu kama alivyomdhania.

Pale Tambarareni aliishi mwanamke mmoja aliyeitwa Zamoyoni, fundi vigae, mjane wa miaka hamsini na mitano, mrefu, mwenye viganja vilivyopasuka kwa udongo na ulimi usio na haraka. Kiwanja chake kilikuwa mraba wa mita thelathini kwa thelathini, jumla mita za mraba mia tisa. Mbele ilikuwepo nyumba yake ya vyumba viwili, nyuma ya nyumba tanuri la kuchomea vigae, na nyuma ya tanuri shimo la udongo mwekundu ambalo mama yake alilichimba, na bibi yake kabla ya hapo. Udongo huo haukupatikana mahali pengine popote katika Kadirani. Kigae kilichotoka humo kiliweza kukanyagwa na ng'ombe kwa miaka arobaini na bado kikang'aa siku ya harusi.

Wapimaji walifika kwake katika mwaka wa tatu wa sheria hiyo, siku ya Jumanne asubuhi, wakiwa na kamba na vigingi, wakiongozwa na karani wa Wizara, Mfaki, mtu wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kola ikaota ncha. Mfaki alizaliwa Tambarareni, nyumba ya tano kutoka hapo.

"Shikamoo, Bi Zamoyoni."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunipima?"

"Nimetumwa." Alifungua hati na kuisoma akiwa ameinamisha uso. "Mita za mraba mia tisa. Kwa mujibu wa sheria ni futi za mraba elfu mbili, mia tisa na ishirini na tano."

"Na kwa mujibu wa vigae?"

Mfaki aliikunja hati. Alijua kwamba kwa mujibu wa vigae ni elfu tisa, mia sita na themanini na nane, kwa sababu alipokuwa mdogo alikaa uani kwa mwanamke huyo huyo akimhesabia vigae kwa malipo ya mihogo ya kuchoma. Wapimaji wakavuta kamba zao. Walipomaliza, vigingi vilikuwa vimeizunguka nyumba na ua mdogo wa kuanikia nguo. Tanuri lilikuwa nje. Shimo lilikuwa nje, mbali kabisa, kama mtu aliyeshushwa garini kwenye safari ambayo yeye ndiye aliyeipanga.

Zamoyoni alivitazama vigingi hivyo kwa muda mrefu. Hakulia, lakini aliketi juu ya rundo la vigae vibichi na kuviharibu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake. Bila shimo lile yeye alikuwa mjane mmoja tu mwenye vyumba viwili. Hakuwa na mtoto wa kumlisha. Alichokuwa nacho ni ule udongo na jinsi vidole vyake vilivyoujua.

Juma lililofuata alipanda kwenda Mwinukoni kudai haki, akiwa na mkokoteni wenye vigae kumi na kimoja. Baraza la Ardhi lilisimamiwa na Waziri Salakana mwenyewe. Zamoyoni aliomba aazimwe fimbo ya mita, akachora kwa chaki mraba wa mita moja juu ya sakafu ya baraza, akaanza kutandika. Tisa viliingia vizima. Kisha akachukua viwili vilivyobaki, akavikata kwa nyundo na patasi, akaziba pembeni mpaka chaki ikafunikwa, na kikabaki mkononi kipande kisichozidi robo. Watu waliokuwa wamejaa barazani walisimama kwenye vidole kutazama.

"Kumi na robo tatu, mheshimiwa," alisema Zamoyoni. "Wewe umeniandikia tatu na robo. Hizo saba na nusu ziko wapi?"

Salakana alivitazama vile vigae. Kwa dakika nzima alikuwa tena mwanafunzi mwenye furaha ya jawabu sahihi, na uso wake ulipendeza. Halafu akakumbuka alipo.

"Vigae vyako vimekatwa vidogo," alisema.

Fimbo ya futi ikaletwa kutoka kwenye sanduku lake la kioo. Vikapimwa kimoja kimoja. Kila kimoja kilikuwa futi moja kwa futi moja, bila kuzidi wala kupungua.

"Hata hivyo," alisema Salakana, akiifuta miwani yake, "baraza hili halihukumu kwa macho. Macho si kipimo kilichotajwa katika sheria. Mlalamikaji ana hati, na hati ina idadi, na idadi imepigwa muhuri. Shauri limekwisha."

Zamoyoni alivikusanya vigae vyake. Nilipoambiwa habari hiyo mimi nilikasirika, na mpaka leo sijaacha, lakini waliokuwepo wanasema yeye hakuonekana mwenye hasira. Alionekana kama fundi aliyeona ufa na anafikiri wapi pa kuanzia.

Haukupita mwezi, Mtukufu akaamua kusherehekea miaka thelathini ya utawala wake kwa kujenga ukumbi. Aliutaka mkubwa kuliko ukumbi wowote uliowahi kuonekana, mita arobaini kwa ishirini na tano, jumla mita za mraba elfu moja kamili, na aliutaka ujengwe kule chini, juu ya ziada, ili watu wa Tambarareni wajionee faida ya umoja wa vipimo. Mahali palipochaguliwa palikuwa majaruba ya mpunga ya kaya kumi na sita. Mifereji ikazibwa, kuta zikapanda, paa likawekwa. Sakafu ilitakiwa iwe ya vigae vyekundu vya Kadirani, na fundi wa vigae hivyo alikuwa mmoja tu.

Salakana alimwita ofisini. Alimruhusu kulitumia shimo na tanuri mpaka kazi iishe, baada ya hapo shimo litakwenda kwa Bwana Kitunda, ambaye alikuwa anafikiria kuligeuza bwawa la bata.

"Vigae vingapi, mheshimiwa?" aliuliza Zamoyoni.

"Vya kutosha."

"Mimi ni mtu wa chini, sijui vya kutosha ni vingapi siku hizi. Niandikie idadi. Na muhuri."

Waziri alichukua kalamu, na kalamu haikushuka. Ukumbi wa mita elfu moja ulihitaji vigae elfu kumi, mia saba na sitini na vinne, kila mtu aliyejua kuhesabu alilijua hilo. Lakini karatasi ya Wizara yenye idadi hiyo, ikiwa na muhuri wa Wizara, ingekuwa ushahidi tosha wa kila mtu aliyekatiwa shamba kule chini, na kesho yake kungekuwa na msururu wa watu mlangoni kuanzia hapo mpaka mtoni. Akamwambia Zamoyoni arudi baada ya siku tatu. Katika siku hizo tatu mke wake alimwona akitembea sebuleni akihesabu vigae vya nyumba yake mwenyewe kwa ncha ya kiatu. Siku ya tatu alipata dawa: zulia. Sakafu itakapokoma, zulia litaanza, na nani atainua zulia mbele ya Mtukufu? Aliandika kwa mkono uliotulia kabisa: vigae elfu tatu, mia mbili na hamsini. Akagonga muhuri.

Nje ya ofisi Mfaki alimfuata Zamoyoni mpaka kwenye ngazi.

"Bibi, vitatosha kweli?"

"Serikali imesema vitatosha," alisema Zamoyoni, akiikunja ile karatasi mara nne. "Mimi ni nani nibishane na muhuri?"

Alifanya kazi miezi miwili, na watu wa majaruba walimsaidia kukanyaga udongo. Hakudanganya hata kidogo. Nilivyovisikia vikisifiwa, vigae vile vilikuwa bora kuliko vyote alivyowahi kuchoma. Akavitandika kwa desturi ya Kadirani, ambayo haikubali sakafu kuanzia kokote isipokuwa mlangoni, kwa kuwa mgeni ndiye anayepaswa kukanyaga kwanza mahali pazuri, na ambayo haikubali mwanya wa hata unywele baina ya kigae na kigae. Alianza mlangoni. Alikwenda mstari kwa mstari, ukuta hadi ukuta, na alipofika mita ya kumi na mbili akaweka kigae cha elfu tatu, mia mbili na hamsini, akajipangusa magoti, akaondoka. Mbele yake zilibaki mita ishirini na nane za udongo mweusi wa jaruba, na mwisho wa udongo huo, kwenye ukuta wa mbali, palikuwa pamewekwa alama ya kiti cha Mtukufu.

Salakana alileta zulia. Lilikuwa la kijani, nene, limeshonwa vipande tisini, na lilifunika mita zote ishirini na nane kiasi kwamba aliyesimama mlangoni aliona uwekundu kisha ukijani, akadhani ni rangi za bendera. Kiti kikabebwa na wanaume kumi na wawili. Kilikuwa cha mpingo, kimefungwa shaba, kirefu kama mlango, na kilikaa juu ya jukwaa la mawe lenye kimo cha mita moja, kwa sababu Mtukufu alikuwa na sheria nyingine ya zamani: kichwa cha raia kisipite kichwa chake.

Sherehe ilifanyika asubuhi, katikati ya masika. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne, na maji yote ya Mwinukoni yalikuwa yameteremka kama kawaida yao, yakafika kwenye mifereji iliyozibwa, yakageuka na kuingia chini ya ukumbi. Wageni wa juu na wa chini walisimama pamoja juu ya vigae, kwenye ukavu. Mtukufu alipita kwenye zulia akiandamana na Salakana. Wengi waliona kwamba anatembea kama mtu anayekanyaga godoro, lakini wakaona ni maringo. Akapanda jukwaa, akaketi, akaanza hotuba.

Alikuwa anasema kwamba nchi yenye kipimo kimoja ni nchi yenye moyo mmoja pale jukwaa lilipotoa sauti ya mtu anayevuta mguu kutoka matopeni. Zulia likajikunja kuelekea kwenye kiti. Mtukufu akasita, akatazama kulia na kushoto, akaendelea. Alipofika kwenye sifa za futi, ngazi ya kwanza ya jukwaa haikuonekana tena. Salakana, aliyesimama kando yake, alikuwa ameingia mpaka vifundoni na bado anatabasamu.

Hapo ikaanza taabu ya wageni. Walioko juu ya vigae walibaki palepale, na Mtukufu anashuka, na sheria ya vichwa ipo. Mstari wa mbele ukainama. Kiti kikashuka tena, wakapiga magoti. Bwana Kitunda, mwenye tumbo lisilokunjika, aliketi chini kwa kishindo na kuinyoosha miguu. Mwishowe ukumbi mzima, mabalozi na wakulima, ulikuwa umeketi juu ya vigae vyekundu, miguu mikavu, shingo zimeinamishwa, ukimsikiliza kiongozi wake akizungumza kutoka kwenye tope, na hapakuwa na mtu aliyeweza kusema neno tope, kwa kuwa kisheria pale palikuwa na sakafu.

Mtukufu aliikatisha hotuba. Maji ya rangi ya chai yalikuwa yamemfika viatuni.

"Nani alitandika sakafu hii?" aliuliza kwa sauti yake ile ya upole.

"Ni mimi, Mtukufu." Zamoyoni alitambaa kwa magoti kati ya wageni mpaka ukingo wa kigae cha mwisho, asipitishe kichwa. Mfaki alimfuata, karatasi mkononi.

"Mbona haikunifikia?"

"Imekufikia, Mtukufu. Mita elfu moja, kila mita futi tatu na robo. Muhuri wako huu hapa."

"Ninazama, mwanamke."

"Naona, baba. Lakini macho si kipimo kilichotajwa katika sheria."

Mtu mmoja nyuma alikohoa kwa namna ya kicheko, kisha akaona ni afadhali akohoe kweli. Mtukufu alimgeukia waziri wake. "Salakana. Ukweli ni upi?"

"Ukweli, Mtukufu," alisema Salakana, sasa tope likiwa limemfika magotini, "ni ule utakaouamua."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mtukufu kuchukia jibu hilo. Alimtazama tena Zamoyoni. "Inahitajika nini ili inifikie?"

"Vigae elfu saba, mia tano na kumi na vinne zaidi. Na mbao za kukutolea hapo wakati nikivichoma." Kisha akalitaja lile lililobeba maisha yake. "Udongo uko shimoni kwangu. Shimo liko nje ya vigingi. Siwezi kugusa ziada ya taifa bila hati mpya, na hati mpya haiandikwi mpaka uandike kwamba mita ya mraba ni futi kumi na robo tatu. Niandikie mimi, na uwaandikie hawa wote."

Wakulima wa zile kaya kumi na sita walikuwa wameketi pale pale, juu ya mashamba yao wenyewe.

"Nikiandika," alisema Mtukufu polepole, "theluthi mbili za kila kitu zitarudi chini."

"Ndiyo, Mtukufu."

"Na nisipoandika?"

Zamoyoni alimtazama Mfaki. Mfaki aliinyoosha hati mpya juu ya kigae cha mwisho, akachovya kalamu, akaiacha nafasi ya idadi ikiwa tupu. Kisha, kwa mazoea ya kazi, aliitoa mkobani fimbo yake ya kupimia, yenye mita upande mmoja na futi upande wa pili, akatambaa juu ya zulia mpaka kwenye kiti, na kulipima jukwaa, kutoka alama ya chokaa ukutani iliyokuwa usawa wake asubuhi mpaka usawa wa sasa. Kila mtu alimwona akipima, akiwemo Mtukufu, ambaye hakumkataza.

"Limeshuka kiasi gani?" aliuliza.

"Mita moja, Mtukufu."

"Kwa futi?"

Karani alitazama fimbo yake, akatazama tena, na uso wake ukawa wa mtu aliyekuta kitu alichokwisha kukata tamaa nacho. Kwa miaka mitatu alikuwa amezidisha tatu na robo kila siku bila kuiona ikipatana na kitu chochote duniani.

"Tatu na robo," alisema. "Kwenda chini, Mtukufu, hesabu yako ni sahihi."